Mzee Majuto: Kutoka Jukwaa la Tanga hadi Skrini za Rungwe

Amri Athumani, maarufu kama Mzee Majuto au King Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na kuanza kuigiza mwaka 1958, angali mtoto. Alipofariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, alikuwa ameitumikia sanaa kwa takriban miaka 60. Sehemu hii inahoji namna msanii huyu wa Pwani alivyowafikia watazamaji wa Tukuyu, na nani alinufaika na safari hiyo.

Kichekesho cha jukwaani hutegemea utungaji wa papo hapo. Mwigizaji hupewa kisa, si mwongozo andishi. Maneno huyazua mwenyewe kwa kusikiliza kicheko cha hadhira. Ujira wake hutokana na kiingilio, na onyesho likirudiwa kesho, kiingilio hulipwa upya.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Baadaye filamu za video zilienea kwa kanda, kisha kwa diski zilizosafirishwa kutoka Kariakoo hadi mikoani. Kwa mkazi wa Rungwe, aliye mbali na makao ya vikundi vikubwa vya maonyesho, diski ndiyo iliyomleta Majuto sebuleni na katika vibanda vya video. Mzee bahili, mbishi, asiyejua kwamba umri umempita: mhusika huyo alieleweka hata kwa mzungumzaji wa Kinyakyusa asiyezoea mizaha ya Kitanga, kwa kuwa nusu ya kichekesho ilikaa usoni na katika mwendo. Wahakiki wanaouona uigizaji huu kuwa kelele tupu, kwa maoni yangu, wameyasikiliza maneno na kuusahau mwili.

Ujira, hata hivyo, ulibaki wa jukwaani. Msanii aliyelipwa kwa mkupuo hakupata chochote kazi yake iliporudiwa mara mia, ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ilikwishawatambua waigizaji. Mwaka 2018 waziri mwenye dhamana ya sanaa, Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, jimbo linalopakana na Rungwe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwamo. Wakati huo Majuto alikuwa mgonjwa.