Uzi Katika Jeraha la Mwislamu: Kutoka kwa Az-Zahrawi hadi Maduka ya Dawa ya Kariakoo

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba wake wote. Ama baad.

Miongoni mwa maswali wanayoletewa maimamu wa misikiti ya Kariakoo na katikati ya jiji la Dar es Salaam ni swali la mtu aliyeshonwa. Kijana amepata ajali ya pikipiki akashonwa nyuzi kumi mguuni. Mama amejifungua kwa upasuaji. Mtoto ametahiriwa hospitali. Kisha mmoja wao anasikia kwamba uzi ule umetokana na utumbo wa mnyama, anaingiwa na wasiwasi: je, swala yake inasihi? Wapo wanaoacha swala mpaka nyuzi zitolewe. Wapo akina mama ambao damu ya nifasi imekwisha, lakini wanaambiwa wangoje nyuzi za ndani ziyeyuke kwanza. Na wapo wanaojibiwa harakaharaka na mtu ambaye hajui uzi wenyewe ni wa aina gani.

Wanachuoni wetu wametufundisha kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe. Kwa hiyo katika makala haya tutautazama kwanza uzi na sindano, historia yake, aina zake na namba zake, kisha tutarejea kwa mafakihi. Msomaji ataona kwamba wao walilizungumza jambo hili karne nyingi kabla ya hospitali zetu kujengwa.

UZI WA UTUMBO KATIKA ANDALUSI

Kushona jeraha ni jambo la kale. Wayunani walilijua, na tabibu Galen, aliyewatibu wapiganaji wa Pergamon katika karne ya 2 Miladi, alitumia nyuzi za utumbo. Lakini aliyeipanga elimu ya upasuaji kwa mpangilio uliodumu ni Mwislamu wa Andalusi, Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi, aliyefariki mwaka 404 Hijria takriban (1013 Miladi). Nisba yake ni ya Madinat Az-Zahra, mji uliojengwa karibu na Cordoba na Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu kuanzia mwaka 936.

Kitabu chake, At-Tasrif, kina sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji, ikiwa na michoro ya vyombo wapatao mia mbili. Humo anaeleza namna ya kushona tumbo lililochanwa na utumbo uliojeruhiwa. Njia moja ni ya kushangaza: tabibu huzileta pamoja kingo mbili za jeraha, huweka juu yake chungu wenye vichwa vikubwa, na chungu anapouma, kiwiliwili hukatwa na kichwa hubaki kikizishika kingo zile. Njia ya pili ni uzi mwembamba uliokwanguliwa kutoka katika utumbo wa mnyama. Ncha yake hufungwa kwenye uzi wa kitani uliosokotwa, na huo wa kitani ndio unaopitishwa katika tundu la sindano. Azingatie msomaji: tatizo la kuuunganisha uzi laini na sindano bila ya kuzidi kuliumiza jeraha alilijua Az-Zahrawi miaka elfu iliyopita.

Sehemu hiyo ya upasuaji ilifasiriwa kwa Kilatini mjini Toledo na Gerard wa Cremona, aliyefariki 1187, ikasomwa Ulaya kwa karne nyingi.

KUTOKA GLASGOW HADI MUHIMBILI

Adui mkubwa wa jeraha lililoshonwa alikuwa usaha. Mwaka 1867 daktari Joseph Lister, aliyekuwa Glasgow, alitangaza njia ya kuua vijidudu kwa dawa ya kaboliki. Mwaka 1869 akaeleza namna ya kufunga mishipa ya damu kwa uzi wa utumbo uliolowekwa katika dawa hiyo, ambao mwili huumeza wenyewe bila ya kuhitaji kutolewa. Baadaye uzi huo ukatiwa chumvi za kromiamu ili udumu zaidi. Tuikumbuke kromiamu hii, kwani tutairudia katika fiqhi.

Katika mji wetu, hospitali za namna hii zilianza mwishoni mwa karne ya 19. Tajiri Sewa Haji Paroo, Khoja Ismailia aliyefanya biashara Bagamoyo na kufariki mwaka 1897, alitoa mali yake kwa ajili ya hospitali ya watu wa Dar es Salaam, ikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali ya Princess Margaret, ambayo baadaye ndiyo Muhimbili, na jina la Sewahaji likabaki katika mojawapo ya majengo ya wodi zake.

AINA ZA NYUZI

Nyuzi za leo zinagawanyika mafungu mawili: zinazoyeyuka mwilini na zisizoyeyuka.

Katika zinazoyeyuka, ya kale zaidi ni ile ya utumbo, ambayo wauguzi huiita katigati. Watu wengine, kwa kusikia jina la Kiingereza, hudhani ni utumbo wa paka. Si hivyo. Hutengenezwa kwa tabaka la utumbo wa kondoo au wa ng'ombe. Ile isiyotiwa kitu hushika jeraha kiasi cha siku 7 hadi 10. Iliyotiwa kromiamu hushika wiki mbili hadi tatu, na humezwa na mwili kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi za Ulaya ziliuacha uzi huu kwa hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, lakini katika nchi zetu bado unatumika, kwani bei yake ni nafuu.

Kuanzia miaka ya 1970 zilikuja nyuzi za kuyeyuka zinazotengenezwa viwandani kwa kemikali, zisizotokana na mnyama. Iliyo mashuhuri ni ya poliglaktini, inayojulikana kwa jina la biashara la Vicryl. Hiyo humezwa na mwili kwa siku 56 hadi 70.

Katika zisizoyeyuka kuna hariri, naailoni, polipropilini na waya wa chuma kisichoshika kutu, ambao hutumika kufunga mfupa wa kifua baada ya upasuaji wa moyo. Zikishonwa kwenye ngozi, hutolewa. Zikishonwa ndani, hubaki.

NAMBA ZA NYUZI NA SINDANO

Katika hospitali nyingi za umma, vifaa vinapopungua, ndugu wa mgonjwa hupewa karatasi akanunue uzi katika duka la dawa, na wengi huja Kariakoo. Karatasi imeandikwa 2-0 au 3-0, naye hajui maana yake. Ni vyema ajue.

Zamani nyuzi zilihesabiwa kuanzia 1 kwenda juu, na kadiri namba inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mnene. Walipoweza kutengeneza nyuzi nyembamba kuliko 1, wakaandika 0, kisha 00, kisha 000. Basi 2-0 ni sifuri mbili, na 3-0 ni sifuri tatu. Sifuri zikizidi, uzi unazidi kuwa mwembamba. Kwa nyuzi za viwandani, namba 1 ina unene wa milimita 0.4 hadi karibu 0.5; namba 2-0 ni 0.3 na kidogo. Namba 3-0 ni 0.2 na kidogo. Na 10-0, inayoshona jicho, ni milimita 0.02 na kidogo, nyembamba kuliko unywele. Kizazi cha mama aliyepasuliwa hushonwa kwa namba 1 au 0, kwa sababu kinahitaji nguvu. Mtoto anayetahiriwa hospitali hushonwa kwa uzi mwembamba zaidi wa kuyeyuka. Uso hushonwa kwa 5-0 au 6-0 ili kovu lisionekane. Anayenunua 2-0 mahali pa 5-0 kwa kudhani ni ndogo, amenunua uzi wa tumbo kwa ajili ya shavu.

Sindano nazo zina aina. Yenye mwili wa mviringo hupenya bila ya kukata, nayo ni ya utumbo, kizazi na misuli. Yenye kingo tatu za kukata ni ya ngozi, ambayo ni ngumu. Nyingi zimepindwa: robo ya duara, sehemu tatu kati ya nane, nusu, au sehemu tano kati ya nane, kwa kadiri ya kina cha mahali panaposhonwa. Sindano ya zamani yenye tundu huvuta uzi uliokunjwa mara mbili na kuacha tundu kubwa. Ya leo uzi wake umebanwa kiwandani kwenye mkia wa sindano, vikawa kitu kimoja.

WALIYOSEMA MAFAKIHI

Wasomi wa pwani yetu waliosoma Minhaj ya Imam An-Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, 1277 Miladi) wanaikumbuka mas-ala ya mtu aliyeungwa mfupa kwa kitu najisi. Hukumu yake katika madh-hebu ya Shafi ni hii: akiwa alihitaji na hakupata kilicho twahara, amesamehewa na swala yake inasihi. Akiwa alikipata kilicho twahara akaacha, ni wajibu kukiondoa, isipokuwa akihofia madhara yaliyo dhahiri. Na akifa, hakiondolewi kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Katika Al-Majmu', Imam huyohuyo anaeleza kwamba aliyeshona jeraha lake kwa uzi najisi hukumu yake ni kama ya mfupa huo. Ametaja pia kauli kwamba nyama ikishaota juu yake hakiondolewi, ingawa kwa Mashafi ni kauli dhaifu, na ameinasibisha kwa Abu Hanifa na Malik.

Sasa tuzirudie nyuzi zetu moja moja.

Nyuzi za viwandani asili yake ni twahara, hazina mjadala. Hariri ni twahara pia. Kilichoharimishwa kwa mwanamume ni kuivaa, na hata katika kuvaa, Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu Abdur-Rahman bin Auf na Zubeir kwa sababu ya kuwashwa, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Vipi basi nyuzi chache ndani ya jeraha? Na kuhusu madini, Swahaba Arfaja aliyekatika pua vitani alitengenezewa ya fedha, ikanuka, Mtume (S.A.W.) akamwamuru atengeneze ya dhahabu.

Ulio na mjadala ni uzi wa utumbo. Ukitokana na kondoo au ng'ombe aliyechinjwa kisheria, ukasafishwa, ni twahara. Ukitokana na mzoga, kwa Mashafi ni najisi. Anaweza mtu kusema: je, kromiamu si ndiyo inayotumika viwandani kudabighi ngozi? Ni kweli, lakini kwa Mashafi kudabighi kunatwahirisha ngozi tu, na utumbo si ngozi. Mahanafi wamekwenda mbali zaidi. Katika vitabu vyao imeelezwa kwamba matumbo ya kondoo mzoga yakitengenezwa, mtu akaswali nayo, swala yake inafaa, kwa kuwa hutengenezwa nyuzi za upinde, na kutengenezwa huko ni kama kudabighiwa. Waliandika hivyo wakizungumzia pinde, na jambo likawa ni la hospitali.

Rai yetu ni kuwa anayeweza kuchagua kabla ya kushonwa, amwombe daktari uzi wa viwandani, ikiwa upo, unafaa kwa jeraha lake na anaumudu. Asipoupata, ashonwe kwa uliopo, na swala yake ni sahihi, wala hairejei. Na ambaye ameshashonwa asiuguse mshono wake. Kufumua nyuzi kabla ya wakati ni kufungua mlango wa usaha na damu, na hayo ndiyo madhara ambayo mafakihi waliyavua katika hukumu.

TWAHARA NA SIKU ZA MSHONO

Kuijua nyuzi kuna faida nyingine: siku zake zinajulikana. Nyuzi za uso hutolewa baada ya siku 5 hivi, za kichwa na kiwiliwili siku 7 hadi 10, za mguu na viungo siku 10 hadi 14. Huo ndio muda ambao kwa kawaida daktari anaweza kukataza maji. Katika muda huo swala haiachwi. Huoshwa palipo pazima, na kwa ajili ya palipojeruhiwa hutayamamiwa. Pakiwa na bandeji isiyofunguliwa, hupakwa maji juu yake pamoja na tayamamu. Ikiwa bandeji iko usoni au mikononi, ambavyo ndivyo viungo vya tayamamu, Mashafi wanaitaka swala irejewe baada ya kupona, na katika madh-hebu nyingine kuna wepesi. Imamu ambainishie muulizaji.

Ama uzi ulio ndani ya mwili, hauzuii udhu wala josho. Mama aliyepasuliwa, nifasi ikikatika, huoga kwa kadiri jeraha linavyoruhusu, au hutayamamu, na huswali siku ileile. Uzi wa ndani unaweza kubaki miezi miwili au zaidi. Anayemwambia angoje uyeyuke amemkosesha swala nyingi bila ya dalili.

Katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Abu Daud, mtu mmoja alipasuliwa kichwa safarini kisha akapata janaba. Wenzake wakamwambia hana ruhusa ya tayamamu, akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari aliwakemea vikali waliomfutu, na akabainisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Basi imamu anayeletewa swali la mshono aulize mambo manne kabla ya kujibu: uzi ni wa nini, umeshonwa wapi, unayeyuka au unatolewa, na daktari amesema nini kuhusu maji. Akishajua hayo, atakuta jibu katika vitabu anavyovisomesha kila siku.

Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.