Kipitisho, Si Usajili wa Muda

Kamati moja ya istilahi, ambayo adabu inanizuia kuitaja, imeidhinisha "usajili wa muda" kuwa jina la ruhusa ya kuendesha gari lisilosajiliwa. Nimeupekua uamuzi huo nikitafuta hoja. Sikuiona.

Tuanze na sajili. Asili yake ni sijill ya Kiarabu, nayo chimbuko lake ni sigillum ya Kilatini, yaani muhuri. Kilichosajiliwa kimegongwa muhuri na kuingizwa daftarini. Sasa gari lenye namba za IT (In Transit, yaani la kupita tu), lililoshushwa bandari ya Dar es Salaam likielekea Tunduma hadi Zambia au Kongo, halimo katika daftari letu wala halitaingizwa. Linapita. Huo usajili, hata wa siku moja, uko wapi?

Jina ninalolipendekeza mimi ni kipitisho. Pita ni neno letu la Kibantu. Pita, pitisha, kipitisho. Ndivyo tambulisha ilivyozaa kitambulisho, ambacho hakuna mjumbe wa kamati asiyekuwa nacho mfukoni. Mpito sikuuchagua kwa kuwa umeshaolewa na serikali ya mpito.

Mwenzangu mmoja wa Arusha, bingwa wa kutumia maneno matano panapotosha moja, alidai kikaoni kwamba kwa watu wa Rombo na Holili kupitisha ni magendo. Ahsante yake! Aliyepita forodhani na aliyepita njia ya panya tutawatofautisha kwa nini, kama si kwa kipitisho?

Uzembe huu wa kutotofautisha majina unaonekana hapa Moshi kila Desemba, wenyeji wanapopanda Marangu na Kibosho kwa sikukuu, "kuhesabiwa" kama watani wasemavyo. Utaliona gari lililonunuliwa juzi, kioo cha mbele kingali na maandishi ya bandarini, redio haivuki megahezi 90, na kila likiwashwa sauti ya kike inamsalimu dereva kwa Kijapani. Mwenyewe anatamba: "Hii bado IT." Si IT hata kidogo, bwana mkubwa, ni gari lisilo na namba.

Kwa matumizi, basi: kipitisho cha IT ni cha gari linalovuka kwenda nchi jirani, la kubaki nchini lilipiwe kodi, lisajiliwe Mamlaka ya Mapato (TRA), lifungwe namba na likatiwe bima ndipo liingie barabarani.

Kamati ilinijibu kwamba kipitisho hakijazoeleka. Neno litazoelekaje ikiwa wenye mamlaka ya kulitangaza wamelifungia kabatini?