Njia ya Mbuzi wa Kariakoo

Wenye kuandika taarikhi ya Dar es Salaam aghalabu huanza na bahari. Humtaja Seyyid Majid bin Said, aliyeanza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, kisha wakawataja Wajerumani walioufanya makao makuu ya utawala wao mwaka 1891, na Waingereza walioutwaa tarehe 4 Septemba 1916. Na yote hayo ni kweli. Walakini mji hausimami kwa mawe na amri peke yake, kwa kuwa wakaao ndani yake hawana budi kula, na tangu siku za mwanzo sehemu kubwa ya kitoweo cha mji huu wa pwani imetoka upande ambao waandishi huupa kisogo, yaani upande wa bara. Katika wote waliokuja kutoka huko, yuko msafiri mmoja aliyekuja kwa miguu, akaja kwa gari moshi, na leo anakuja kwa lori, na katika zama zote hizo hakuna aliyemtengenezea njia yake mwenyewe. Msafiri huyo ni mbuzi, na karatasi hii inakusudia kumfuata tangu nyanda kavu za Ugogo, upande wa Dodoma, hadi mitaa ya Kariakoo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mbuzi atoke mbali kiasi hicho, ilhali mji umezungukwa na nchi ya Wazaramo yenye majani mwaka mzima. Jawabu ni kwamba majani hayo hayo ndiyo maskani ya mbung'o, inzi aletaye nagana, na ukanda wa mwitu na vichaka baina ya Morogoro na pwani ulikuwa na inzi huyo kwa wingi. Ng'ombe aliyekaa huko alikonda na kufa. Mbuzi wetu mdogo wa kienyeji hustahimili zaidi kuliko ng'ombe, naye alifugwa majumbani mmoja mmoja, lakini makundi makubwa hayakupata kustawi. Mifugo ikawa imejaa mahali pasipokuwa na mji mkubwa, na mji mkubwa ukawa mahali pasipokuwa na mifugo. Na baina yao pana mwendo wa kilomita 450 hivi kutoka Dodoma peke yake, ukiacha Singida na Shinyanga zilizo mbali zaidi.

Njia ya kwanza ilikuwa ya misafara. Katika karne ya 19 Wanyamwezi waliteremka pwani, hususan Bagamoyo, wakichukua pembe za ndovu mabegani na kuswaga mifugo ya kuuza. Na misafara iliyopanda bara ilinunua mbuzi njiani kwa shuka za merikani na kaniki, kwa sababu mbuzi ni chakula kinachojichukua chenyewe kwa miguu yake, kisichohitaji pagazi wa kukibeba wala kisichooza kabla ya siku yake. Ugogo palikuwa mahali mashuhuri katika biashara hiyo, kwani msafara uliofika huko ukitoka katika nyika isiyo na maji ulikuwa na njaa na kiu, na watemi wa Wagogo, wenye visima na nafaka na mifugo, walitoza hongo kabla ya kuruhusu mtu kupita. Hata hivyo tusidhani kwamba njia ile ilikuwa ya mbuzi. Ilikuwa njia ya pembe. Vituo vyake vilipangwa kwa kadiri ya mwendo wa mpagazi mwenye mzigo, na mnyama alipaswa kuufuata mwendo huo au achinjwe njiani. Kisha ikaja sotoka mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikaangamiza ng'ombe katika nchi nzima, na wafugaji wengi walioondokewa na mali yao ya jadi walianza upya kwa mnyama mdogo azaaye upesi.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Ni dhahiri kwamba hawakuijenga kwa ajili ya kitoweo cha Waswahili, bali kwa mazao ya kupeleka Ulaya na kwa askari wa kulinda dola. Walakini reli ikishalala chini haimwulizi mtu nia yake, na mara wafanyabiashara waligundua kwamba mnyama awezaye kuuvuka ukanda wa mbung'o ndani ya behewa, bila kukaa humo siku nyingi akiumwa na inzi, hufika pwani akiwa na nyama yake mwilini. Kodi ya serikali nayo, iliyodaiwa kwa fedha, ilimlazimisha mfugaji kutafuta mnunuzi, naye kwa desturi hakuanza na ng'ombe, ambaye ni mahari na heshima ya ukoo. Alianza na mbuzi. Kwa hiyo mbuzi alipanda gari moshi kabla ya wengi wa wenyeji wake.

Kule mwisho wa reli palikuwa panazaliwa Kariakoo. Wajerumani walikuwa wameugawa mji kwa kabila za watu, Wazungu kwao, Wahindi kwao, na Waafrika ng'ambo ya pili ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ambako viwanja vilipimwa kwa mistari iliyonyoka. Jengo la soko walilolisimamisha huko halikuwahi kutumika kwa kazi yake kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza walipouingia mji waliwaweka hapo wapagazi wa jeshi lao (Carrier Corps), ambao ndio waliopaachia mahali jina. Mwaka 1923 soko likafunguliwa rasmi kwa kazi yake. Basi tazama jinsi mambo yanavyofuatana: wapagazi wa pembe ndio waliowaswaga mbuzi wa kwanza kuja pwani, na soko lililokuja kuwa kitovu cha chakula cha mji lilikuwa kwanza kambi ya wapagazi wa vita.

Waliokaa katika mitaa ile, Msimbazi, Swahili, Kongo, Nyamwezi, Narung'ombe na mingineyo, walikuwa Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi, Wangazija, Waarabu na wengineo, walio wengi Waislamu, na nyumba zao zilikuwa za namna moja: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na ua nyuma. Ua huo ndio uliomfaa mbuzi. Ng'ombe huchinjwa machinjioni na kugawanywa kwa uzito katika bucha, naye ni mnyama wa watu wengi; mbuzi ni wa nyumba moja, hununuliwa akiwa hai, akafungwa uani usiku mmoja au wiki nzima, na watoto wakamletea maganda ya ndizi. Hununuliwa kwa akika ya mtoto aliyezaliwa, kwa hitima, kwa maulidi, kwa nadhiri, na zaidi ya yote kwa udhiya wa Idd el Hajj.

Na hapa sheria ya dini iliingia katika mambo ya uchukuzi. Fiqhi hairidhii kwa udhiya mbuzi asiyetimiza umri uliowekwa, wala mwenye chongo dhahiri, wala mgonjwa, wala kiguru ambaye ulemavu wake unaonekana, wala aliyekonda hata mifupa yake haina uboho. Kwa hiyo mguu uliovunjika njiani si hasara ya kilo mbili tatu tu. Ni hasara ya ibada nzima, maana mbuzi yule yule aliyeondoka Dodoma akistahili udhiya huwasili mjini akistahili mchuzi. Wachuuzi walilijua hilo, wakajifunza kumtunza beberu mzuri kuelekea Mfunguo Tatu, mwezi wa Idd hiyo, hata wale ambao wao wenyewe hawakuwa Waislamu.

Serikali ya Kiingereza ilishughulika sana na ng'ombe. Ilikuwa na maabara ya mifugo Mpwapwa, ilianzisha minada na njia maalumu za kuswagia, na mwishoni mwa miaka ya 1940 ikashirikiana na kampuni ya Liebig kuunda Tanganyika Packers, ambayo kiwanda chake cha nyama ya kopo kilijengwa Kawe, kaskazini ya mji. Mbuzi hakuingia katika kopo. Alibaki mikononi mwa mchuuzi mdogo, mwenye wanyama kumi au ishirini aliowanunua mmoja mmoja katika vijiji, akawakusanya, akawaunga na wa wenzake hata likapatikana kundi la kujaza chombo. Kiwanda cha Kawe kimekwisha kufungwa, na eneo lake leo hujulikana zaidi kwa mikutano ya hadhara. Mchuuzi wa mbuzi angali anafanya kazi.

Hatimaye likaja lori. Mji uliokuwa na watu 69,000 hivi katika hesabu ya mwaka 1948 ulifikia 273,000 hivi mwaka 1967, na katika sensa ya mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 5,383,728; na hamu ya nyama ikapanda pamoja nao, kwa supu ya asubuhi, kwa biriani, na kwa ndafu ya harusi, ambayo watu wa kaskazini waliileta mjini na sasa imekuwa ya wote. Reli ilichakaa, barabara ya lami ikanyooka, na biashara ikahamia juu ya magurudumu. Mbuzi hununuliwa katika minada kama Msalato na Kizota za Dodoma au Mhunze ya Kishapu, wakapakwa alama ya rangi mgongoni ili kila mwenye mali awatambue wake, wakapakiwa, na safari ikashika Kibaigwa, Gairo, Dumila, Morogoro, Chalinze na Kibaha, hadi mnada wa Pugu au Vingunguti.

Yafaa kuitazama safari hiyo kwa karibu. Lori lililobeba mahindi wiki iliyopita hutiwa mbao katikati likawa na ghorofa mbili, na mbuzi husimama bega kwa bega juu na chini, wale wa chini wakinyeshewa na mkojo wa wale wa juu. Madereva hupenda kuondoka jioni ili joto la mchana lisiwakute njiani. Utingo hakai mbele pamoja na dereva. Hukaa juu ya mbuzi, ameshika kijiti na tochi, na kazi yake usiku kucha ni moja, kumwinua aliyelala, kwa sababu mbuzi akikunja magoti katika msongamano ule wenzake humpanda, na katika muda mfupi huwa maiti. Akimwona mmoja ametoweka katika safu ya pembe, hushuka kati yao, akamshika mkia na pembe, akamsimamisha. Alfajiri lori linapofika, kama pana kipandio wanyama huteremka kwa miguu yao. Kama hapana, hushikwa miguu na kutupwa chini mmoja mmoja, na hapo ndipo miguu mingi iliyosalimika kilomita mia nne huvunjika katika mita moja na nusu ya mwisho.

Kisha hukutana mwenye mali, dalali na mchinjaji. Mizani ni nadra. Mnunuzi humpapasa mbuzi uti wa mgongo na kiuno kwa vidole, humwangalia meno, hutaja bei, hukataliwa, huondoka, hurudi. Mara nyingi mnyama huchukuliwa kabla ya fedha yote kulipwa, na mwenye mali hungoja jioni mpaka nyama iuzwe Kariakoo, Ilala au Buguruni, kwa ahadi ya mdomo iliyodhaminiwa na dalali. Biashara hii imesimama juu ya amana hiyo kuliko juu ya karatasi yoyote.

Walakini uchukuzi wa mifugo una dhara ambalo amana haiwezi kulizuia. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka nchini mwaka 2007 na kuua watu zaidi ya 100, Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyopigwa vibaya, na wakaazi wa Dar es Salaam wengi waliiogopa nyama. Mwaka uliofuata sotoka ya mbuzi na kondoo ikathibitishwa kaskazini mwa nchi. Na ilipozuka kusini, katika wilaya za Newala na Tandahimba, wachunguzi waliihusisha na mbuzi walionunuliwa katika mnada wa Pugu. Kwa hiyo Pugu haikuwa tena mwisho wa njia. Ilikuwa njia panda, na ugonjwa ulitumia gari lile lile lililotumiwa na kitoweo.

Tukiyakusanya haya yote tunaona jambo moja likijirudia. Njia ya kwanza ilikuwa ya pembe, ya pili ya mazao na askari, ya tatu ni ya mahindi na saruji, na mbuzi katika zote tatu amekuwa mdandizi. Ndiyo sababu hana kituo cha maji kati ya Dodoma na pwani kilichowekwa kwa ajili yake, wala lori lililoundwa kwa umbo lake. Sheria haikosekani, maana Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ipo tangu mwaka 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Kinachokosekana ni mbao, simenti na maji. Sasa reli mpya imefika Dodoma, na treni zake za abiria zilianza kwenda huko mwaka 2024. Wenye dhamana na watazame kama haiwezekani kutenga mabehewa ya mifugo katika reli hiyo, na kabla ya hayo wajenge vipandio imara mahali pote wanapopakiwa na kuteremshwa wanyama, na zizi moja la mapumziko lenye kivuli, maji na bwana mifugo pale Morogoro au Chalinze. Gharama yake si kubwa mbele ya nyama inayopotea njiani kila usiku, na mfugaji, mchuuzi na mlaji wa Kariakoo wote watapata faida.