Tukapumzike Wapi?

Kwa muda wa miaka kumi na mitano familia yangu imekuwa ikipumzika katika milima ya watu wengine. Nasema "watu wengine" kwa utani tu, kwani mke wangu ni Msambaa, na milima ya Usambara ni kwao. Kila shule zinapofungwa tunapanda basi hapa Tanga, tunashuka Mombo, kisha tunaanza kupanda zile kona za kilometa 33 mpaka Lushoto. Bibi yao anawapikia watoto, baridi inawauma, wanarudi wamenenepa. Milima ya kwetu, kule Mabamba wilayani Kibondo, hawajaiona hata siku moja.

Mwaka huu jambo hilo lililetwa nyumbani kwa njia ambayo sikuitazamia. Kijana wangu mkubwa alikwenda kwenye ofisi moja, ambayo sitaitaja, kushughulikia karatasi zake. Akaulizwa kabila, akajibu kuwa yeye ni Muha wa Kibondo. Akaulizwa tena, "Siyo Mrundi?" Kisha akaambiwa aeleze wazee wake walizaliwa wapi na wamezikwa wapi. Jioni alinikuta barazani akanirushia swali hilo kama lilivyo. Mimi niliyefundisha historia kwa zaidi ya miaka ishirini, niliyewakaririsha watoto wa watu majina ya wafalme wa Ulaya, sikuwa na jibu la maana la kumpa mwanangu.

Mke wangu alikuwa akichambua mchele. Akasema bila kuinua uso, "Baba watoto, hawa kwetu wanajua hata jina la kila kijito. Kwenu wamekusikia tu." Hapo ndipo ulipoanza mpango wa likizo ya Mabamba.

Nianze na babu yangu mzaa baba, maana ndiye aliyefunga ndoa ya mbali kati ya Mabamba na Tanga. Alizaliwa wakati wa Wabelgiji. Msomaji asishangae: Wajerumani walipofukuzwa mwaka 1916, Kigoma na nchi ya Buha ilishikwa na majeshi ya Kibelgiji, wala Waingereza hawakuipokea mpaka mwaka 1921. Kabla ya hapo Buha na Burundi zilikuwa ndani ya koloni moja la Kijerumani. Kwa hiyo ule mpaka unaopita karibu na Mabamba, ambao leo mwanangu anaulizwa yuko upande gani wake, ulikuja kuwa mpaka wa dola mbili babu akiwa mtoto mchanga. Hakuuvuka. Wenyewe ndio uliomkuta. Watu wa pande zote mbili walielewana lugha kwa sehemu kubwa, wakaoana, wakabadilishana mbegu na ng'ombe. Hata hivyo Waha walikuwa na Wami wao, wa Heru, wa Muhambwe na wa Buyungu, na babu alijihesabu kuwa mtu wa Muhambwe.

Mkonge nao una hadithi yake. Uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na inasemekana miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakaota mashamba yaliyomeza maelfu ya watu. Watu wa pwani hawakuipenda kazi ile, na haki yao. Basi wakatafutwa watu wa mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, na Buha ikawa mojawapo ya visima vyao. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha Mabamba haikuwapo. Babu akaandikishwa, akapakiwa kwenye reli ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, akashushwa upande wa pili wa nchi akiwa na jina jipya: manamba. Kipande chake kilikuwa cha siku 30 za kazi, na siku ambayo hukumaliza sehemu yako haikuhesabiwa.

Baba alikuwa akitusimulia kwamba babu, akiwa shambani, aliitazama milima ya Usambara kila asubuhi. Ilimkumbusha kwao. Hakuipanda kamwe. Waliopanda ni wakubwa. Wajerumani waliujenga mji wa Lushoto wakauita Wilhelmsthal, mahali pa kukimbilia joto na homa za pwani, na baada yao Gavana wa Kiingereza alikuwa na nyumba yake kule kwa ajili ya miezi ya joto. Hiyo ndiyo asili ya likizo ya milimani katika nchi yetu. Nimepumzika Lushoto mara nyingi, nimekula mapeasi yake, na naipenda. Lakini tangu nilipoanza kupanga safari hii, siwezi kupita pale Mombo bila kumwona mzee yule amesimama chini na panga lake, akitazama juu.

Babu alirudi. Wengi hawakurudi; wajukuu wao wamo humu Tanga, Korogwe na Muheza, baadhi wamesahau hata kuamkia. Yeye alirudi na blanketi, akaoa, akapewa shamba, akafa mwaka 1970. Akazikwa uwanjani kwake, kama ilivyokuwa desturi. Miaka miwili baadaye ikaja Operesheni Kigoma. Watu walihamishwa kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika vilimani, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara katika vijiji vya ujamaa. Sitaki kuidharau nia yake. Shule niliyosomea ilitokana na kijiji hicho, na bila shule ile nisingeshika chaki. Ila makaburi hayakuhamishwa. Mji wa babu ukawa mahame. Mimi nilizaliwa kijijini baada ya hapo, na kaburi nilionyeshwa mara moja tu, nikiwa mdogo, nimebebwa mabegani.

Nilipompigia simu shangazi yangu alicheka, kisha akanyamaza. Wanaojua njia ya kufika pale sasa wamebaki wawili, yeye na mzee mmoja ambaye macho yamemwisha. "Kama mnakuja, njooni mimi ningali natembea," alisema. Nikamwambia Desemba. Akakataa katakata: Desemba ni mvua, majani yanamfunika mtu, mito imejaa. Njooni Juni, mvua ikishaondoka, maharage yakiwa ghalani.

Basi ni Juni. Binti yangu ameandika njia kwenye daftari: Segera, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, Kakonko, Kibondo, Mabamba. Kijana wangu alitaka treni, ili apite reli ya babu yake mkubwa. Nimemwahidi tutarudi nayo kutoka Kigoma, na njiani tukalione Ziwa Tanganyika. Mdogo wao aliuliza kama kuna theluji. Nimemweleza kwamba milima yetu siyo ya namna hiyo. Ni vilima vinavyofuatana kama migongo ya ng'ombe, miombo huku, migomba kule, mizinga ya nyuki juu ya miti, na mto Malagarasi ukianza safari yake mpakani.

Nimewaambia pia wasichoweza kukiona kwenye ramani. Oktoba 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa Burundi, nilikuwa kijana nyumbani. Watu walivuka usiku na mchana, mwingine na godoro, mwingine na mbuzi, mwingine na mtoto ambaye hakuwa wake. Mama alichemsha muhogo mpaka kuni zikaisha. Kambi zikafunguliwa, nyingine zikafungwa. Ile ya Nduta ikafunguliwa tena mwaka 2015, na Mabamba ikawa tena mlango wa kuingilia. Sioni haya kwamba tunafanana na waliovuka. Ninachoona haya ni kwamba kwa miaka mingi, nikiulizwa kwetu, nilijibu "Kigoma" harakaharaka na kuhamisha mazungumzo.

Nauli ya watu watano, kwenda na kurudi, imekula akiba yetu ya kupiga plasta chumba cha nyuma. Mama watoto hakunung'unika. Amenunua khanga mbili za shangazi na sufuria moja kubwa, na tangu juzi amekuwa akiwafanyisha watoto mazoezi ya salamu jikoni. Mwakeye, anasema kwa lafudhi ya Kisambaa, nao wanamjibu wakicheka. Kijana mkubwa hacheki sana. Ameniomba nimtafutie panga, kwa ajili ya majani yaliyo juu ya kaburi, na kalamu ya kuandikia isiyofutika kwa mvua.