Santuri iliyouzwa mbele ya nyumba

Aberdeen ni mji mdogo kando ya Mto Tombigbee, kaskazini-mashariki mwa jimbo la Mississippi, Marekani. Wapenzi wa bluzi wanaujua kwa sababu ya mwanamuziki Bukka White, aliyeutungia wimbo mwaka 1940. Miaka 35 baadaye kundi la vijana wa mji huohuo lilitoa albamu ya injili ambayo, nje ya makanisa ya eneo lile, karibu hakuna aliyeisikia.

Walijiita The Staples Jr. Singers. Jina si la ukoo wao: Edward, A.R.C. na Annie ni watoto wa familia ya Brown. Waliwapenda mno The Staple Singers, kundi la Pops Staples na wanawe, hata watu walipoanza kuwaita Staples wadogo wakalikubali jina. Annie, mdogo kuliko kaka zake hao wawili, alianza kuimba na kundi akiwa na miaka 11. Walikulia katika Mississippi ambayo shule zake zilikuwa ndiyo kwanza zinalazimishwa kuchanganya watoto weusi na weupe, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamuru mwaka 1969 kwamba ucheleweshaji umetosha. Wikiendi zao zilikuwa za safari za kuimba, kanisa hadi kanisa.

Mwaka 1975 wakaingia studio mjini Tupelo na kurekodi albamu, When Do We Get Paid. Ilichapwa nakala mia chache tu. Hivi ndivyo makundi mengi ya injili yalivyofanya kazi wakati ule: unailipia studio mwenyewe, unapokea maboksi yako ya santuri, halafu kuuza ni juu yako. Hakuna msambazaji, hakuna tangazo redioni. Vijana wa Brown waliuza zao kwenye maonyesho na mbele ya nyumba yao. Maboksi yalipoisha, habari ya albamu nayo ikaisha.

Sasa isikilize. Utasikia gitaa la umeme, besi, ngoma na sauti zinazopokezana, basi. Hakuna vinanda vya kupamba wala kwaya kubwa ya kujaza pengo. Besi inazunguka palepale kama iko kwenye ukumbi wa dansi, na juu yake Annie anaimba kwa sauti ambayo huwezi kuamini ni ya msichana ambaye hajatimiza miaka 20. Hapambi noti, anaisukuma mpaka inakwaruza, kisha kaka zake wanampokea. Rekodi yenyewe ina ukavu wa studio ya bei nafuu, nami naona ukavu huo umeifaa. Muziki mwingi wa soul wa mwaka 1975 ulikuwa umeshaanza kulainishwa kwa nyuzi za violini. Hii haikuwa na fedha za kulainishwa.

Jina la albamu linarudia swali ambalo The Staple Singers walikuwa wameshaliuliza miaka michache kabla, kuhusu jasho la watu weusi waliojenga nchi bila malipo. Kinywani mwa vijana walioilipia santuri yao wenyewe, swali hilo linauma zaidi.

Miaka ikapita. Nakala chache zilizosalia zikaangukia mikononi mwa wakusanyaji, wakauziana kwa mamia ya dola. Mwaka 2019 lebo ya Luaka Bop ya New York, ileile iliyomrudisha mwanamuziki Mnaijeria William Onyeabor masikioni mwa dunia, ilitoa mkusanyiko wa injili ya miaka ya 1970 uliokuwa na wimbo wao mmoja. Mwaka 2022 ikaitoa upya albamu nzima.

Magazeti ya muziki yakaandika kwamba kundi lililopotea limepatikana. Nani aliyelipoteza? Ndugu hawa hawakuacha kuimba. Annie aliolewa na mpiga gitaa, Willie Caldwell, wakaunda kundi la familia mjini West Point, jimboni humohumo, na hukohuko akafungua duka la nguo. Makanisa ya Mississippi yaliwajua miaka yote hiyo. Waliokuwa hawana habari ni wanunuzi wa santuri.

Baada ya toleo la 2022 waliimba mpaka Ulaya. Mwaka 2024 wakatoa albamu ya pili, Searching, iliyorekodiwa ndani ya kanisa dogo huko West Point chini ya Ahmed Gallab, mwanamuziki mwenye asili ya Sudan anayejulikana kama Sinkane. Ni nzuri, na ina utulivu wa watu wazima.

Lakini ya 1975 ndiyo kubwa. Siku hizi inapatikana kwa santuri na kwenye intaneti. Anza na wimbo uliobeba jina la albamu, na ongeza sauti kidogo ili usikie besi.