Japani: Haki ya mfanyakazi wa kigeni kumwacha mwajiri wake

Nchini Japani, karibu watu watatu kati ya kila kumi wana umri wa miaka 65 au zaidi. Vijana hawatoshi kuvuna mboga, kufanya kazi viwandani wala kuwahudumia wazee. Kufikia Oktoba mwaka 2024, nchi hiyo ilikuwa na wafanyakazi wa kigeni zaidi ya milioni 2.3, kundi kubwa zaidi likitoka Vietnam.

Mamia ya maelfu miongoni mwao waliingia kupitia mpango wa mafunzo ya kiufundi ulioanzishwa mwaka 1993. Rasmi, wanagenzi hao walikuja kujifunza ujuzi wa kuupeleka makwao. Kwa vitendo, waliziba pengo la nguvukazi, na jina hilo la mwanagenzi ndilo lililowafunga: aliyepangiwa mwajiri hakuruhusiwa kumhama ila kwa sababu zisizoepukika.

Si kwamba sheria haikuwepo. Kima cha chini cha mshahara, malipo ya saa za ziada na marufuku ya kumfukuza mwanamke kazini kwa sababu ya ujauzito vinamhusu mgeni sawasawa na mwenyeji. Lakini anayelalamika huhatarisha kazi, chumba na kibali cha kuishi kwa mpigo mmoja, ilhali deni linamngoja nyumbani. Uchunguzi wa serikali uliotolewa mwaka 2022 ulibaini kuwa Wavietnamu walilipa wastani wa karibu yen 690,000 kabla ya kusafiri. Wengi walichagua kutoroka. Mwaka 2023 pekee, wanagenzi waliotoroka walikuwa zaidi ya 9,700, wakijiweka katika hatari ya kuwa wakosaji mbele ya idara ya uhamiaji.

Mwezi Juni mwaka 2024, Bunge lilipitisha sheria ya kuuondoa mpango huo. Utaratibu mpya, uliopangwa kuanza Aprili 2027, unamruhusu mfanyakazi kuhamia kwa mwajiri mwingine wa fani ileile baada ya mwaka mmoja hadi miwili, iwapo atafaulu mitihani ya ufundi na ya Kijapani. Ada za mawakala nazo zimewekewa kikomo cha mishahara ya miezi miwili.

Waajiri wa mikoani wanahofu kuwa watu watakimbilia Tokyo, kwenye mishahara minono. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, miaka miwili ni mirefu kwa anayenyimwa ujira, na mtihani wa lugha humwelemea zaidi yule ambaye mwajiri hampi nafasi ya kusoma.