Kijani, Kijivu, Nyekundu

Mama wa kijijini Njombe aliyempeleka mtoto wake kwenye mizani miaka ya 1980 alirudi nyumbani na habari aliyoweza kuisoma hata kama hajui herufi moja. Mhudumu wa afya wa kijiji aliweka nukta kwenye kadi ya ukuaji. Nukta ikiangukia kwenye kijani, mtoto anaendelea vizuri. Kijivu, uzito ni pungufu. Nyekundu, yumo hatarini.

Njombe wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa. Haikuwa mkoa hadi 2012. Mwaka 1983 Serikali ya Tanzania, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, walianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa, na kadi ya rangi ikawa nyenzo yake kuu. Nyuma ya rangi zile kulikuwa na hesabu za uzito kwa umri, za asilimia 80 na asilimia 60 ya uzito unaotarajiwa, ambazo mtaalamu angeweza kuziandika kwa maneno mengi. Waliotengeneza kadi walichagua kuanza na msomaji aliye mbali zaidi na maandishi.

Nchi ilikuwa imeshajifunza kuandika hivyo. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya ngumbaru yakaenea. Vitabu vya kisomo chenye manufaa vilimfundisha mkulima herufi kwa maneno ya kazi yake mwenyewe: pamba, uvuvi, ufugaji. Mwaka 1975 wanakisomo kote nchini walifanya mtihani wao wa kwanza wa taifa.

Kabla ya hapo, mwaka 1973, ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni mbili walikaa vikundi vikundi kusikiliza Radio Tanzania. Kipindi kikiisha, kiongozi alisoma kijitabu kwa sauti, kikundi kikajadili malaria, kichocho au kuhara, kisha kikaamua la kufanya. Vyoo vingi vilichimbwa. Ujumbe uleule ulipita redioni, kwenye karatasi na mdomoni mwa jirani. Aliyekosa njia moja aliupata kwa nyingine. Hapa ndipo ulipo ustadi wa waandishi wa kampeni hiyo, na unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Mpango wa Iringa ulifuata nyayo hizo. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya: watoto wakapimwa, matokeo yakapelekwa kwa viongozi na kujadiliwa hadharani. Kwa nini wengi wamo kwenye kijivu? Mama ana kazi nyingi shambani, mtoto anakula mara chache kwa siku, uji ni mzito kwa tumbo dogo. Kufikia 1988, katika vijiji hivyo, utapiamlo mkali ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Kadi peke yake isingefanya hivyo. Leo hata miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa maudhui ya mtandaoni, iliyotolewa mara ya kwanza 1999, inawakataza waandishi kuiachia rangi ibebe ujumbe yenyewe, kwa kuwa wapo wasiozitofautisha rangi na wapo wasioona kabisa. Vijijini Iringa, aliyeshindwa kuiona rangi aliisikia ikisemwa mkutanoni.

Lakini kadi ile ilipima uzito tu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta takriban nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa, katika mkoa unaolima mahindi na viazi vya kulisha wengine. Udumavu ni suala la kimo, na mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana mnene na mwenye afya machoni pa wazazi wake. Kazi ya kuwaonyesha kimo kwa wepesi ule wa kijani, kijivu na nyekundu bado inawasubiri waandishi wa leo.